Tui Zito la Ijumaa

Juzi nimemaliza riwaya ya familia ya Kichina iliyohamia ughaibuni. Mkwe asiyetakiwa anahangaika karibu kitabu kizima, mpaka siku moja mama mkwe anamwita jikoni wakande unga pamoja. Wenzangu ninaosoma nao walisema walilia. Mimi, msomaji wangu, niliona wivu, na niliyemwonea hakuwamo kitabuni. Alikuwa mtoto wa Kichina wa hapa hapa Azaiba, mtaa wetu wa Maskati, na wivu wenyewe ni wa tangu utotoni.

Wazazi wake walikuwa na duka la mapazia barabara kuu, nyuma ya nyumba yetu. Mchana, tukitoka skuli, alikuja kukaa kwetu. Bibi yangu, aliyefika Maskati kutoka Unguja akiwa mtu mzima na akachekwa kwa Kiarabu chake, hakumuuliza maswali. Alimpa kibao cha mbuzi na nazi moja aikune. Haukupita muda mrefu, yule mtoto alikuwa akisema Kiswahili cha Bibi vizuri kuliko mimi, maana mimi nilishazoea kumjibu kwa Kiarabu.

Ijumaa ndiyo ilikuwa siku yetu. Jiko la gesi lilikuwapo ndani, lakini wali wa nazi Bibi aliupika uani kwa makaa, apate kuupalia moto juu ya kifuniko. Ilisikika nazi ikikwaruzwa, kisha ikaja harufu ya iliki. Wali hutiwa kwanza tui jepesi, la mkamuo wa pili; tui zito huwekwa kando, likatiwa mwisho maji yakikaribia kukauka. Kukamua ilikuwa kazi yangu, na mwenye kukamua ndiye aliyepewa ukoko wa chini ya sufuria. Ijumaa moja nikamkuta mwenzangu ameshika kifumbu cha kuchujia tui, maziwa ya nazi yanamtiririka mpaka kwenye viwiko. Shangazi yangu alicheka, akaniambia, "Wewe basi, tutakupeleka kwa Wachina wakakupe bakuli na vijiti."

Nilivumilia Ijumaa tatu. Ya nne, yeye na Bibi walipoingia ndani kuosha mchele, nilibadilisha yaliyomo kwenye mabakuli mawili ya tui, zito likakaa mahali pa jepesi, nikayafunika kama yalivyokuwa. Nilitaka aharibu chakula mbele ya wageni, Bibi amrudishe dukani kwao.

Wali ulitoka umeshika chini, juu umelowa, na mafuta yametuama. Wageni wakala hivyo hivyo. Yule mtoto alilitazama sinia, akanitazama mimi. Alijua amekamua nini na ameweka wapi. Akainamisha kichwa, akasema kosa ni lake.

Hapa lazima nikueleze desturi ya nyumba yetu. Mgeni hakaripiwi. Hata akimwaga mchuzi kwenye zulia jipya, ataambiwa ni baraka, na kasoro zake zitasemwa akishaondoka. Ndiyo maana nilingoja Bibi atabasamu, amwambie si neno, na Ijumaa inayofuata mlango uwe umefungwa kwa heshima.

Bibi aliweka tonge chini.

"Umenitia aibu mbele za watu, mwanangu. Nnakufundisha kila siku, macho yako huwa wapi? Ijumaa ijayo uje mapema, unikamulie mbele yangu. Na hilo sufuria utalikwangua wewe."

Mtoto wa watu alilia, na akaitikia, "Haya, Bibi." Wageni walitazamana. Shangazi hakucheka tena. Sote pale mkekani tulielewa kilichotokea: amekaripiwa, basi ni wa nyumba hii.

Kisha Bibi akanigeukia. Alinitazama, nikajua anajua. Akachagua mnofu mzuri kuliko yote, akauweka upande wangu kwa mkono wake, akasema kwa sauti laini kabisa, "Karibu, bibiye. Kula, usione haya." Hivyo ndivyo alivyowaambia wageni waliokuja mara ya kwanza.

Duka la mapazia liliuzwa, ile familia ikarudi kwao. Uani sasa pana gari, na tui tunalinunua kwenye maboksi. Bibi ameshatangulia mbele ya haki. Miaka yote iliyobaki alinipenda, sina shaka, na ukoko alinirudishia. Ila kosa lile hakulitaja, nami sikuwahi kulikiri. Mpaka leo natamani angenigombeza.