Kaptura Isiyo na Mfuko

Jirani yangu Jenoveva alisema cherehani ya Silvano imeibwa Tanga. Tulikuwa tukipalilia maharage ya kijiji pale Lukozi, mwaka ule wa kwanza wa kuhamishiwa pamoja kwenye kijiji cha ujamaa. "Mtu katoka gerezani juzi, leo ana cherehani. Kaiokota njiani?"

Nikamwambia Silvano hakuiba. Siku akina mama wa kanisa tulipokubali kumnunulia kwa mfuko wetu wa sadaka, yeye Jenoveva alikuwa amekwenda kijiji cha Mnazi kwa bintiye. Silvano alifungwa kwa kukata miti ya msitu wa Shume bila kibali, na huko ndani akafundishwa kushona. Jenoveva akaguna tu.

Lakini wiki zikapita, hakuna aliyempelekea Silvano kitambaa. Kila nikipita namwona kibarazani anaipangusa cherehani, anaifunika, anaifunua tena. Nikawaza, huyu akikosa kazi atarudi msituni, na njia ya msituni anajua inakoishia.

Nikambeba mwanangu mdogo mgongoni, nikamshika Danieli wangu aliyekuwa anaanza darasa la kwanza, nikachukua na kipande cha kitambaa cha kaki. Nikampa Silvano shikamoo. Akaitikia kwa sauti ndogo, akampima Danieli taratibu kama anayepima yai.

Kaptura ikaja imenyooka, mshono safi. Danieli akaivaa, akapeleka mikono ubavuni, ikateleza. Hapakuwa na pa kuitia. Nguo za gerezani hazina mifuko, na Silvano alishona alivyozoea.

Jenoveva alicheka hadi akaketi kwenye tuta. "Fundi kanunuliwa cherehani kwa mfuko, kashona kaptura bila mfuko!"

Maneno yale yakazunguka kijiji kizima. Yalipomfikia Silvano mwenyewe, alicheka kuliko wote, na mimi nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka. Akaichukua kaptura, kesho yake akairudisha na mifuko miwili mirefu, inakaribia magoti. Danieli akaijaza plamu, akaenda shule anatembea kama bata.

Basi, watoto wote wakalilia mifuko ya Danieli. Kibaraza kikajaa akina mama. Hata Jenoveva alikuja na kitambaa cha mjukuu wake, kakunja uso, akaagiza mifuko iwe mirefu kupita ya Danieli.

Jumapili Silvano alinifuata nje ya kanisa, kofia mkononi.

"Mama Danieli, nisemee kwa wenzako. Kornelio, niliyefungwa naye, anatoka mwezi ujao. Useremala anaujua, ila hana hata randa. Waambie ule mfuko wenu wasiushone mdomo."