Sauti Bila Salamu

Shule zilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa, darasa langu lilikuwa halijamaliza hata miezi mitatu. Kidato cha kwanza, shule ya kutwa hapa Miyuji, watoto arobaini na wawili kutoka shule za msingi tofauti tofauti. Wengine wazazi wao walihamia Dodoma pamoja na wizara zao, wengine babu zao wamezikwa mji huu huu. Walikuwa hawajazoeana. Bado waliitana "wewe" na "yule mrefu". Nilikuwa mwalimu wao wa darasa na wa Kiswahili, na silabasi haikuninyima usingizi. Niliogopa kwamba wangerudi wakiwa wageni tena, na baadhi wasingerudi kabisa.

Tulikuwa na grupu la wazazi kwenye simu. Wiki za mwanzo nilifanya kama walimu wengine: nilipiga picha kurasa za kitabu, nikatuma, nikaandika, "Fanyeni zoezi la kwanza hadi la tano." Baba mmoja mtumishi wa serikali alijibu kila kitu, "Noted, mwalimu." Mama mmoja aliuliza kama angeweza kufanya zoezi yeye mwenyewe, maana mtoto alikuwa kijijini Mlali kwa shangazi yake, kwenye shamba la alizeti. Watoto wenyewe hawakusikika kabisa.

Siku moja, kwa kuchoka, nilirekodi mashine ya kusaga iliyo nyuma ya nyumba yangu. Nikaituma kwenye grupu na kuuliza, "Niko wapi?" Jioni, wazazi walipofika nyumbani na simu zao, yangu haikupumzika. Mashineni! Kwa seremala! Mwalimu amepanda trekta! Kwa mara ya kwanza tangu tufunge nilicheka peke yangu.

Basi nikawawekea utaratibu. Kila mmoja atume sauti ya mahali alipo, wenzake wakisie. Atakayepatia aandike aya moja akipaeleza mahali pale anavyopafikiria, na mwenye sauti amsahihishe. Wakishindwa wote, mwenye sauti aeleze mwenyewe. Hizo ndizo zikawa insha zetu, na sijawahi kusoma insha tamu kama zile. Mtoto wa mjini aliandika kwamba Mlali kuna tembo wanaopita nyuma ya nyumba. Mwenzake akamjibu kwamba nyuma ya nyumba hapiti mtu ila shangazi, na shangazi akisikia hivyo atakasirika.

Kitu kimoja sikukilegeza: salamu. Nimelelewa katika nyumba ambamo mtoto aliyeingia bila kuamkia alirudishwa nje aingie upya, hata mvua ikinyesha. Kwa hiyo kila sauti ilianza na shikamoo mwalimu, hamjambo wenzangu, ndipo mambo mengine yafuate.

Kulikuwa na namba moja tu isiyosalimia, na namba hiyo ndiyo iliyotuma sauti nzuri kuliko zote. Mabehewa ya mizigo yakigongana treni inaposimama. Mbuzi wengi wakinywa maji kwa pamoja. Mtama ukipepetwa kwenye ungo, ambao nusu ya darasa waliapa kuwa ni mvua. Watoto walimpenda, wakamwita "wa treni". Mimi nilivumilia mara tatu. Ya nne nikashindwa, nikabonyeza kitufe cha kurekodi.

"Wewe unayetutumia sauti bila kuamkia, huko uliko hakuna watu wazima? Usitume tena mpaka ujifunze salamu."

Grupu zima lilisikia, watoto na wazazi. Yule baba wa "noted" aliandika, "Well said, mwalimu." Sitaficha, nilijisikia vizuri.

Namba ile ikanyamaza. Siku ya kwanza sikujali. Siku ya nne watoto walianza kuuliza, wa treni yuko wapi? Nikajifanya sijaona. Wiki ilipokwisha nilifungua rejesta nitazame namba ile ni ya nani. Ilikuwa ya mama wa msichana aliyechelewa kuripoti, anayekaa nyuma karibu na dirisha, mwenye mwandiko safi. Nilimkumbuka kwa jambo moja. Niliwahi kumuuliza swali, akasimama, akafungua mdomo, kimya. Nikamwambia akae, nikamgeukia mwingine. Nilidhani hakusoma.

Nikapiga. Akapokea mwanamke mzee, na nyuma yake nikasikia kuku.

"Shikamoo, bibi. Mimi ni mwalimu wa mjukuu wako."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye yule wa kwenye simu?"

Alisema vile bila ukali, na hilo ndilo lililonichoma. Akanieleza kwamba wako Gulwe, kando ya reli, kwamba mama wa mtoto anafanya kazi Dodoma na amewaachia simu yake kubwa kwa ajili ya masomo, yeye amebaki na kisimu cha kitochi. Nikauliza kwa nini mtoto hatumi tena.

"Si ulimkataza? Salamu anayo, mwalimu. Hiyo salamu ndiyo inamchelewesha. Ana kigugumizi huyu. Anaanza, shi, shi, anaona imekaa vibaya, anafuta. Anaanza tena, anafuta. Tangu asubuhi mpaka chaji inataka kwisha. Basi anaona bora atume hao mbuzi peke yao."

Nikaifunga rejesta.

"Sasa hata simu haishiki," bibi akaendelea. "Anasema shule ikifunguliwa yeye habanduki hapa, atachunga. Mimi mbuzi wangu wana mchungaji, mwalimu. Mwambie wewe."

Nilipokata simu niliingia jikoni nikaanza kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi. Niliona aibu, aibu ya kweli ile ambayo huwezi kumsimulia mtu. Miaka yote ya ualimu, na mtoto alisimama mbele yangu akipigana na neno moja, mimi nikaona uvivu.

Wazo la kwanza lilikuwa nimwombe bibi anifikishie radhi kimya kimya. Lakini nilimkemea mtoto mbele ya watu wote. Kwetu mwalimu hawaombi radhi watoto, achilia mbali mbele ya wazazi wao. Nikarekodi, sauti ikatoka ya kujitetea, nikafuta. Nikarekodi tena, nikafuta. Mara ya saba nikaituma ilivyo.

"Nilimkemea mwenzenu bila kuuliza. Nilikosea, na ninamwomba radhi. Sauti zake tunazikosa. Atume, kwa salamu au bila salamu, ni sawa."

Baba wa "noted" hakuandika kitu. Siku mbili zikapita, grupu likaendelea na majogoo na pikipiki. Mimi kila simu ilipolia niliruka.

Siku ya tatu, alasiri, ukaja ujumbe wa sauti kutoka namba ile. Dakika mbili na zaidi. Nikaufungua nikiwa nimesimama.

Alikuwa anaamkia. Neno lilikwama mwanzoni, likasogea, likakwama tena, na katikati nilimsikia akivuta pumzi na kurudi nyuma. Nilitamani kummalizia, ila hakukuwa na namna ya kuingia humo. Ilibidi nisubiri. Alipofika kwa wenzake, hamjambo nayo ilichukua muda wake. Ndipo ikaja sauti yenyewe: kitu kinakwangua, maji yanamwagika kidogo, kimya kirefu, halafu tena.

Nikakaa nikiogopa kuangalia majibu. Watoto wa umri ule wanaweza kuwa wakatili.

"Bibi anaoga!"

"Mtu anapakua uji!"

"Ng'ombe anakamuliwa!"

Hakuna aliyegusa salamu. Walikuwa wameingoja sauti tu, na sasa walikuwa wanagombania jibu. Na wote walikosea, maana yake mwenye sauti aeleze mwenyewe. Nikaanza kumwandikia haraka kwamba aandike tu, asihangaike.

Kabla sijamaliza, alishatuma. Vipande vinne, kimoja baada ya kingine. Anachimba mchanga mtoni, sehemu iliyokauka. Anangoja. Maji yanapanda yenyewe polepole, yakiwa machafu. Anayachota kwa kata na kuyamwaga, anangoja tena, mpaka yatoke meupe. Kila kipande kilijikwaa, na kila kipande kilifika.

Halafu akaja mtoto wa yule baba wa "noted", aliyezoea bomba maisha yake yote.

"Maji yanatoka kwenye mchanga? Mimi sijaelewa. Hebu rudia hapo kwenye kungoja."

Nikafuta nilichokuwa ninaandika. Akarudia, yote, tangu mwanzo.