Harusi ya Sahani Pale Pumziko

Specioza Nabwire aliuza mukene katika soko la Busia, upande wa Uganda. Wateja wake Wakenya walimwita dagaa huyo omena, Waganda wakamwita mukene, na Specioza akawaitikia wote kwa sauti iliyovuka mpaka bila kuulizwa kitambulisho. Madereva wa malori waliokwama kwenye foleni upande wa Kenya walijua bei yake ya siku hiyo kabla hawajashuka.

Ni sauti hiyo iliyompa uenyekiti wa klabu ya sahani. Mkono wake haukuhusika. Katika klabu nzima hakuna aliyerusha vibaya kama yeye. Sahani yake ilipoondoka mkononi, wenzake walilala chini, kwa sababu hata yeye hakujua inakwenda wapi.

Mchezo wenyewe ni rahisi kueleza. Una sahani ya plastiki, ngumu, nyembamba pembeni. Mbali huko kuna kikapu cha chuma kwenye mlingoti, na juu yake minyororo inaning'inia. Unarusha, unaifuata sahani ilipoangukia, unarusha tena, mpaka iingie. Aliyerusha mara chache zaidi ndiye mshindi. Specioza, mjane mwenye watoto wakubwa walioolewa na kuoa, aliupenda mchezo huo kuliko kitu chochote alichokipata tangu mumewe afariki. Jumapili akitoka kanisani Buteba, alibadilisha viatu, akapanda nyuma ya pikipiki ya Lenox, kijana wa bodaboda kutoka Busia ya Kenya, wakaelekea Kiyeyi.

Huko Kiyeyi, kando ya barabara ya kwenda Tororo, kulikuwa na nyumba ya wageni iitwayo Pumziko, yenye bustani kubwa na miti ya kivuli. Mwenye mali alikuwa mzee anayeishi Kampala. Binti yake, Patricia, ndiye aliyerudi na mchezo huo kutoka masomoni ng'ambo. Alimtafuta Maloba, fundi wa kuchomelea vyuma pale Busia, amwundie vikapu, akavipanga bustanini. Kisha Patricia akapata kazi mbali, akawaachia wachezaji bustani kwa neno la mdomo tu: chezeni, lakini majani yasipite vifundo vya miguu. Wakacheza, wakakata majani, na mambo yakaenda vizuri hadi mzee alipoajiri meneja.

Meneja aliitwa Geoffrey Opendi, mtu wa Paya. Alivaa tai hata jua likiwa la utosi, na shingoni, juu ya tai, alining'iniza filimbi. Opendi alikuwa na ndoto moja: harusi. Alitaka kila bibi harusi kutoka Malaba hadi Mbale apige picha katika bustani ya Pumziko. Na kila alipopanga viti vyeupe, sahani ilipita juu yake ikivuma.

Mwanzoni alipuliza filimbi. Baadaye akaamuru shuka za vyumbani zianikwe kwenye minyororo ya vikapu. Wachezaji wakawa wanarusha kwenye shuka. Akaleta batamzinga, akawaachia bustanini wawafukuze watu. Batamzinga hao walimpenda Maloba, aliyekuwa ameshaingia klabuni, mtu mpole, mkimya, mjane kama Specioza, wakawa wanamfuata kikapu hadi kikapu kama waumini.

Kilichovunja kila kitu ni keki. Jumamosi moja, Lenox alikuwa akifanya mazoezi nyuma ya ua wakati harusi ikiendelea. Sahani yake nyekundu ilipaa juu ya ua, ikakata kona kwenye upepo, ikaingia kwenye ghorofa ya pili ya keki ya harusi, ikasimama wima. Wageni walipiga makofi wakidhani ni pambo. Mama wa bibi harusi hakupiga.

Kesho yake Opendi aliwasubiri langoni.

"Kwisha," alisema. "Sahani hapa kwisha. Nyinyi naharibu kazi yangu."

"Meneja, pole ya keki tumesema," Specioza akajibu. "Lakini Jumamosi ijayo wageni wetu nakuja, klabu ya Kakamega. Mechi tulishapanga. Wacha tucheze hiyo moja, halafu tunakaa chini tunaongea."

"Hapana."

"Patricia alituruhusu."

"Patricia ako wapi? Mimi ndiye niko." Akainua kidole. "Sikia, mama. Hii pahali ni ya harusi tu. Mtu ako na harusi, karibu sana. Mtu ako na sahani, aende jikoni aoshe."

Akapuliza filimbi, ingawa walikuwa wamesimama mbele ya pua yake.

Walirudi barabarani, wakakaa kwenye ukingo wa mtaro. Lenox alishika kichwa.

"Mathe, wasee wa Kakamega washalipia gari. Nitawaambia nini? Na vile nimejigamba!"

Specioza alikuwa akiyatafuna maneno ya Opendi. Mtu ako na harusi, karibu sana. Aliyatafuna mpaka yakalainika, kisha akasimama, akapangusa vumbi kwenye sketi.

"Maloba, njoo na mimi," alisema. "Wewe ni mtu mzima, unaonekana wa maana."

Maloba akainuka, akamfuata kama kawaida yake.

Opendi alishangaa kuwaona ofisini kwake.

"Tunataka harusi," Specioza akasema. "Jumamosi."

Uso wa meneja ukafunguka kama mlango wa duka. Akavuta viti. Akawaita mzee na mama. Akaanza kuhesabu mazuri yote watakayopata: hema, chakula, keki, riboni, mpaka mchungaji, kama wa kwao hana nafasi.

"Na bibi harusi ni nani?"

Hapo Specioza alikwama. Alikuwa amefikiria kila kitu isipokuwa hicho. Daphine, katibu wao, alikuwa na mume mwenye wivu. Wasichana wengine walikuwa wadogo mno. Akamwangalia Maloba, aliyekuwa ameshika kofia yake magotini.

"Ni mimi," alisema. "Na huyu."

Kofia ikaanguka. Maloba akainama, akaiokota, akaitazama ndani kwa muda.

"Ehe," alisema.

"Hongera!" Opendi akampa mkono. "Watu wazima pia nafaa wapendane."

"Kuna jambo moja," Specioza akaongeza haraka, kabla ujasiri haujamtoka. "Kwetu tuko na mila. Siku ya harusi, watu wa bwana na watu wa bibi lazima washindane kurusha sahani. Bila hiyo ndoa haikai."

Opendi akakunja uso. "Hiyo mila mimi sijasikia."

"Wewe mtu wa Paya, mila ya Buteba utasikia wapi?"

Meneja akachukua kalamu, akaiandika mila hiyo kwenye orodha. Kuna mambo ambayo mtu habishani nayo katika nchi hii, na mila ya watu wengine ni mojawapo.

Wanaklabu walichanga, wakanong'ona, wakacheka hadi machozi. Lakini usiku Specioza hakulala vizuri. Alikuwa msichana wa kwaya tangu utotoni, na sasa alikuwa mama wa kwaya, na uongo wake ulikuwa na hema na keki. Alijituliza kwa kusema kwamba mechi itaisha kabla mchungaji hajafika, kisha watasema bwana harusi ameugua tumbo.

Jumamosi ilifika na jua zuri. Klabu ya Kakamega ilishuka kwenye gari wakiwa wamevaa suti na raba, kama walivyoelekezwa. Specioza alikuwa ndani ya gomesi la Daphine, vazi refu la rangi ya dhahabu, mabega yamesimama kama paa la kanisa. Opendi mwenyewe alikuwa amefunga riboni nyeupe kwenye vikapu vyote. Aliiona kazi yake, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Mechi ikaanza. Watu waliokuwa wakipita barabarani walisimamisha baiskeli, wakaingia kutazama harusi ya ajabu ambayo wageni wake, wamefunga tai, walikimbizana na visahani kwenye majani. Wanawake wakapiga vigelegele minyororo ilipolia. Hakuna aliyejua pointi zinahesabiwaje, lakini kila mtu alikuwa na upande.

Vikapu vya mwisho vilikuwa bado, na klabu mbili zilikuwa sare, Mchungaji Okwi alipoingia langoni. Alikuwa mtu mrefu kutoka upande wa Malaba, mwenye haraka.

"Nina maziko baadaye," alimwambia Opendi. "Tuanze."

"Bado michezo ya mila," Daphine akajaribu.

"Mila itangoja. Bibi na bwana wako wapi?"

Filimbi ikalia. Specioza akajikuta anasukumwa kwa upole chini ya hema, na pembeni yake Maloba, aliyevaa koti jeusi lililonyooshwa vizuri, na ndevu amenyoa. Alinukia sabuni. Mchezo haukusimama kabisa. Nyuma, kwenye miti, Lenox na bingwa wa Kakamega walikuwa wameamua kumaliza.

Mchungaji aliomba. Alisema maneno mazuri juu ya watu wawili walioonja upweke na ambao Mungu hakuwasahau. Maneno yale hayakuwa ya kuchezea. Specioza alitazama Biblia iliyofunguliwa.

"Kama kuna mtu yeyote hapa mwenye pingamizi," Mchungaji Okwi akasema, "aseme sasa."

"Ingia! Ingia! Ingia!" sauti ya Lenox ikalia kutoka mitini. Minyororo haikulia.

"Kama hayupo," Mchungaji akasema, "basi..."

"Mimi niko nayo," Specioza akasema.

Kwa sauti yake, maana yake ni kwamba bustani nzima, jikoni na barabara vilisikia.

Mchungaji alimwangalia juu ya miwani. "Wewe ndiwe bibi harusi."

"Ndiyo. Ndiyo maana najua." Machozi yalikuwa yanamtoka, na alikuwa na hasira nayo. "Mchungaji, nisamehe. Hakuna harusi. Sisi ni watu wa sahani. Meneja alitufukuza, akasema hapa ni harusi tu, na wageni walishapanda gari. Mila niliitunga mimi. Siwezi danganya mbele ya kitabu."

Opendi aliketi kwenye kiti cha karibu. Kilikuwa cha mpambe, kimefungwa maua. Akatafuta filimbi, akaiweka mdomoni, ikatoa pumzi tu.

Maloba akakohoa. Watu wakamgeukia kwa sababu wengi hawakuwahi kumsikia akikohoa.

"Mimi," alisema, "sina pingamizi."

Kwanza hakuna aliyeelewa. Kisha Daphine akashika mdomo, kigelegele kikamponyoka hata hivyo, na hema zima likalipuka kwa vicheko. Specioza alihisi masikio yanawaka moto. Hakuthubutu kumwangalia Maloba, akaangalia viatu vyake. Vilikuwa vimepigwa rangi.

Mchungaji Okwi akafunga Biblia polepole. "Mimi nimeitwa kubariki kitu," alisema. "Nitabariki nini?"

"Bariki mechi, Pasta!" Lenox akapaza sauti kutoka mitini. "Tuko sare!"

"Hakuna mechi!" Opendi hatimaye akapata sauti. Akasimama, maua ya kiti yakiwa yamemng'ang'ania suruali. "Wote toka! Wakora nyinyi! Toka!"

Hakuna aliyetoka. Sufuria za pilau zilikuwa zimeshafunuliwa na harufu ilikuwa imeshafika. Na kabla hajarudia, mzee mmoja mwenye fimbo, aliyeingia kutoka barabarani kama mtazamaji tu, alimgusa bega.

"Meneja, mimi nakaa hapa nyuma ya shule. Binti yangu naolewa mwezi ujao. Nataka hiyo mila ya sahani."

"Hakuna mila, mzee! Hukusikia? Mama alitunga!"

"Nilisikia. Lakini ni nzuri. Harusi zingine watu nakaa tu, nasikiliza hotuba mpaka nalala. Kama haiko hapa, nitatafuta huko Tororo."

Nyuma ya mzee, mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni alisema hata mdogo wake angeitaka. Opendi aliwatazama, akaitazama bustani iliyojaa watu kuliko siku yoyote tangu aajiriwe. Specioza, ambaye maisha yake yote aliyapitisha akisoma nyuso za wanunuzi, alipangusa machozi kwa mkono wa gomesi, akasogea.

"Meneja, sahani ziko. Watu wa kurusha wako. Wewe uko na wateja. Tuongee?"

Waliongea palepale, keki ikiwa katikati yao. Opendi aliapa kwamba hatasahau aibu hii hadi kaburini, na akakubali. Siku za kawaida na Jumapili, bustani ni ya klabu. Jumamosi ni ya harusi, na mwenye harusi akitaka sahani, klabu itakuja, kwa suti, na Lenox atasimama mbali na keki. Batamzinga wataondolewa. Hilo Maloba hakulifurahia, lakini alinyamaza. Alikuwa ameshasema vya kutosha kwa siku moja.

Mchungaji aliibariki mechi kwa maombi mafupi, akala sahani ya pilau, akaenda kwenye maziko yake. Kakamega wakashinda. Wakabeba na nusu ya keki.

Jioni, wakati Lenox akitafuta petroli, Specioza na Maloba walikaa kwenye ukingo wa mtaro. Gomesi lilikuwa na mchuzi begani.

"Ile uliyosema," Specioza alianza, kwa sauti ndogo ambayo soko la Busia halijawahi kuisikia. "Ulisema kwa mchezo?"

Maloba alifikiri. "Mimi kwa mchezo narusha sahani."

Pikipiki ikapita. Specioza akakunja kitambaa cha kiuno, akakikunjua.

"Basi uje Buteba uongee na kaka zangu. Na usije na mtu wa kukusemea. Nataka waone kama unajua kuongea."

Alikwenda. Kaka za Specioza walimkalisha kutwa nzima, wakamuuliza habari za ukoo hadi kwa mababu waliokufa kabla ya mpaka kuchorwa, na yeye akajibu yote, moja moja, taratibu, mpaka chai ikapoa na wakachemsha nyingine. Specioza alisikiliza kutoka jikoni. Hajasema ndiyo mpaka leo. Anasema hana haraka, na mukene hawajiuzi wenyewe. Lakini Maloba huenda kila baada ya wiki mbili, na mara ya mwisho alibeba mashine yake ya kuchomelea, akatengeneza mlango wa jiko uliokuwa unalalia upande mmoja, wakati Specioza amesimama pembeni akimweleza, kwa sauti iliyofika kwa majirani wote, jinsi mlango unavyopaswa kufungwa.