Mjumbe Aliyesimama Mbele ya Mwene

Ulikuwa mwaka 1949. Hapana, nimekosea. 1949 tulikuwa na njaa, na mwaka ninaousema ulezi ulikuwapo, hata pombe tulikunywa. Basi ni 1952, mwaka niliopewa koti la pili la utarishi. Nilikuwa tarishi wa baraza la Mwene, chifu wetu wa upande wa Mpemba, karibu na mpaka wa Rhodesia. Nilikaa mlangoni, nikiita watu na kupeleka barua. Sikusoma sana, darasa la tatu tu la misheni, lakini masikio yalikuwa mazima.

Ninayetaka kumwandika ni Amoni Mbonile. Hakuwa mkubwa wa kitu chochote. Alilima, na siku za mvua alishona viatu vya matairi. Watu wa mlimani ndio waliomchagua awasemee barazani. Wajumbe walikuwa kumi na wawili, na kwa kawaida kumi na mmoja walikubali kabla Mwene hajamaliza kusema.

Kwetu hakuna mtu anayepitisha kichwa chake juu ya kichwa cha Mwene. Yeye hukaa kwenye kigoda kifupi, wajumbe hukaa chini kwenye mikeka, na mwenye neno hupiga makofi taratibu, akasema akiwa amekaa palepale. Amoni aliishika adabu hiyo kuliko wote. Hakupandisha sauti hata siku moja. Kwanza aliyarudia maneno ya mwenzake yote, bila kuyapunguza, mpaka mwenyewe akubali kwamba ndivyo alivyosema. Kisha aliuliza swali moja, akanyamaza. Swali lenyewe ndilo lililouma.

Alipinga wajane kutozwa kodi ya nyumba. Alipinga watu kuitwa kazi ya barabara wakati wa palizi. Lakini msidhani alikuwa mtu wa kupinga tu. Josho la ng'ombe lilipoletwa, majirani zake hawakulitaka, na yeye akalitetea mbele yao. Mwezi mzima hawakumsalimia.

Sasa Septemba ile ikaja sheria ya moto. Sisi ulezi tunaulima kwa kukata matawi, kuyarundika shambani yakauke, na kuyachoma kabla ya mvua. Mbegu huingia kwenye majivu. Serikali ikasema moto unaharibu milima, ukomeshwe mwaka uleule, baraza likikubali. Matawi yalikuwa yameshakauka. Dada yake Amoni, Teresia, mjane mwenye watoto wanne, alikuwa na rundo kubwa kuliko wote pale mlimani. Amoni ndiye aliyemkatia matawi, Teresia akayabeba kwa kichwa wiki tatu. Shamba jingine hakuwa nalo. Asipochoma, hana chakula cha mwaka.

Kwenye baraza la kwanza la sheria hiyo, Jumbe Fanueli, aliyekuwa mkono wa kulia wa Mwene, alisema moto ndio uliofukuza mvua nchini. Amoni akapiga makofi.

"Jumbe, umesema moto umefukuza mvua. Nimekusikia sawasawa?"

"Sawasawa."

"Basi mwaka jana, mto ulipochukua daraja na mbuzi wako wawili, nani alikuwa ameuzima moto?"

Hata Mwene alificha mdomo. Fanueli hakucheka. Alisema mtu huyu angekuwa mbwa angeibwekea hata nyumba anayolala.

"Ningebweka, baba," Amoni akajibu, "kama mwizi yumo ndani."

Wajumbe saba walikwenda kwake mchana wa Jumapili, wakanywa pombe yake, wakamwambia safari hii wako naye. Hata wake zao walikuwa na marundo shambani. Saba na yeye ni wanane, kati ya kumi na wawili. Teresia alipopata habari alianza kuchagua mbegu.

Siku ya uamuzi alikuja Bwana DC mwenyewe, Mzungu mkuu wa wilaya. Alikuwa mgeni, alitaka mambo yahesabike. Akasema kwa kizungu, na karani wetu Lwitiko, mtoto wa hapahapa, akatafsiri: anayeipinga sheria hii asimame.

Asimame. Mwene amekaa pale kwenye kigoda chake.

Niliwatazama wale saba kutoka mlangoni. Mmoja alikuna mguu. Mwingine aliutazama mkeka kama aliyeangusha sindano. Amoni alipiga makofi, akaomba wapingaji waruhusiwe kusema wakiwa wamekaa. Lwitiko hakutafsiri. Alisema tu, "Simama au kaa, ndugu. Bwana anangoja."

Amoni akasimama peke yake. Lwitiko akaandika: anayepinga, mmoja.

Bwana DC alipoondoka, Fanueli alisema mtu amesimama juu ya kichwa cha Mwene na haifai akae tena na wajumbe. Hilo halikuhitaji kusimama. Waliokubali walipiga makofi wakiwa wamekaa, na wale saba walipiga kwa nguvu kuliko wenzao.

Barua ya kukataza moto niliipeleka mimi kwa Teresia. Hakujua kusoma, nikamsomea. Aliniuliza, "Kaka yangu hakusema?" Nikamwambia alisema. Mvua ilianza Novemba, matawi yakaloa, yakaota uyoga. Januari alifunga mizigo, akavuka mpaka na watoto wake kwenda kwa ndugu wa mama yake upande wa Rhodesia. Mtoto wa mwisho alizikwa hukohuko mwaka uleule. Teresia hakurudi.

Amoni aliendelea kushona viatu. Nilimpelekea changu kilichokatika, akanishonea bila neno la baraza. Alikufa 1957. Kwenye mazishi wale saba walisema mmoja baada ya mwingine, wakiwa wamesimama wima, kwamba alikuwa mtu wa kweli asiyeogopa.

Nilichoka kuwasikiliza. Nikamfuata Lwitiko alipokuwa anafungua baiskeli yake pembeni. Nikamwuliza: "Karani, siku ile, kama ungetafsiri kwamba wanaoikubali sheria ndio wasimame, wangesimama wangapi?"