Damu ya Mkwezi

Mzee wangu alishikwa na moyo akiwa juu ya mnazi, huku kwetu Msambweni. Hakuanguka. Aliteremka mwenyewe, kidato baada ya kidato, akakaa chini ametota jasho, akaniambia, "Mama watoto, kifua kimekuwa jiwe." Waliombeba hadi hospitali majina yao ninayo yote kichwani, na ya baba zao pia, ila hapa sitayaandika. Wengine hawapendi kutajwa.

Alilazwa siku nane. Siku ya kutoka, daktari wake, binti wa bara mwenye adabu sana, alitukalisha. Mimi shule niliishia darasa la pili, nikamwomba aseme taratibu.

"Nyanya," akasema, "moyo ukielemewa humwaga kitu fulani kwenye damu. Cha mzee kiko juu. Baada ya wiki sita tutapima tena. Kikishuka, moyo unapona vizuri. Kikibaki juu, bado umechoka."

Mzee akauliza neno moja tu: "Na mnazi nitapanda?"

"Tungoje damu, mzee."

Tukangoja. Alikuwa amekwea minazi tangu hajaota ndevu, kazi nyingine haijui. Kila asubuhi alizunguka shamba akigusa vile vidato alivyovikata kwa mkono wake, kisha anarudi kukaa.

Zilipobaki siku chache, dada yake alikuja kutujulia hali. Nikamsimulia maneno ya daktari. Akanikodolea macho.

"Wifi, sasa mnangoja nini? Si mmeambiwa damu ina uchafu?"

"Hakusema uchafu. Alisema kitu."

"Basi hicho kitu si kitolewe! Aumikwe, kitoke, mwende mkapime damu safi. Ndugu yangu apande minazi yake."

Nami sikukataa. Kwetu mtu akilemewa na mgongo au kichwa huumikwa, na marehemu mama yangu aliumikwa kila mwaka. Fundi akaja na pembe zake siku mbili kabla ya kipimo. Akamchanja mgongoni kwa wembe mpya, akabandika pembe, akafyonza.

Damu ikatoka, na haikutaka kukoma. Fundi mwenyewe alikunja uso. "Ya huyu nyepesi kama maji ya dafu," akasema. Hapo ndipo nilipokumbuka vile vidonge vya kila asubuhi, ambavyo daktari alituambia ni vya kuzuia damu isigande. Ilikoma alasiri, na kanga yangu ya tatu imeshaloa. Wifi alikaa kizingitini akizikamua zile kanga.

Hospitali nilisema yote, sikuficha. Mzee aligeukia ukuta. Daktari aliutazama ule mgongo, kisha akaniuliza, "Nyanya, kisima chenu kina chumvi?"

"Kina chumvi sana."

"Ukimwaga ndoo moja, kisima kitakuwa kitamu?"

"Wapi! Nikiteka tena ni chumvi ile ile."

"Na moyo ni hivyo. Kile kitu moyo wenyewe unakitengeneza kila siku. Tunakipima ili tujue hali ya kisima. Mkikimbilia kumwaga, mtammwaga mzee."

Wa kwanza kucheka alikuwa mzee mwenyewe.

Damu ilichukuliwa, na majibu tukayafuata wiki iliyofuata. Kitu kile kilikuwa kimeshuka, lakini hakikufika pale daktari alipotaka. Akasema mzee atatembea, hata palizi kidogo anaweza. Mnazi, hapana.

"Hata ule mfupi wa nyuma ya jiko?"

"Hata huo, mzee wangu."

Tulipofika nyumbani alitungua kitanzi chake cha kamba, kile anachotia miguuni akikwea, akakikagua fundo kwa fundo. Kisha akaniambia nimwitie mtoto wa wifi, mtu mzima mwenye wake wawili, ambaye naye ni mkwezi.

Siku hizi yeye ndiye anayepanda. Mzee hukaa chini kwenye kiti, mbali kidogo nazi zisimwangukie, akimgombeza.

"Acha hilo, ni koroma, limeshapita udafu! Mimi nataka dafu. Husikii linavyolia ukiligonga?"

"Mjomba, kutoka huko chini unasikiaje?"

"Nimekaa huko juu miaka mingi kuliko uliyoishi. Gonga la kushoto."

Analigonga. Mzee anainamisha kichwa, anasikiliza.

"Hilo. Angusha."