Nilivyowashtaki Maji Moto wa Jirani

Nina hasira mpaka leo, na wa kumkasirikia ni mimi mwenyewe.

Mwanangu Rehema aliingia analia, jicho limevimba. Sikumuuliza kitu. Nilijua ni maji moto, wale sisimizi wekundu ambao jirani yangu Bi Somoe anawatunza kwenye mikorosho yake ili wamlie wadudu wanaokausha maua.

Nikamwita balozi wa nyumba kumi. "Leo viota vyote vichomwe!" Nilipiga kelele mpaka watu wakajaa.

Bi Somoe akamtazama mtoto, kisha akanigeukia. "Mwanangu, maji moto huja jeshi zima, na wakiuma wanang'ang'ania hapohapo. Hapa pamechomwa mara moja tu. Nyigu ndiye anayechoma akaruka zake."

"Mdudu ni mdudu! Unatetea sisimizi, mtoto wa mwenzio haoni!"

Balozi, kiberiti mkononi, akamwinamia Rehema. "Mdudu alikuuma ukiwa wapi, mjukuu wangu? Twende ukanionyeshe."

Nikatangulia kwenda mikoroshoni, kifua mbele. Kugeuka, nyuma hakuna mtu. Rehema alikuwa amewapeleka jikoni kwangu. Nikawakuta wote wanatazama juu ya mlango, kwenye kiota cha nyigu kikubwa kama kikombe.

"Na hiki," Bi Somoe akaniuliza, "nacho ni changu?"