Harlan Stuckey na Samaki wa Albuquerque

Harlan Stuckey, fundi bomba wa magharibi mwa Texas, hakuwahi kushika ndoano. Harufu ya samaki tu ilimtia kichefuchefu. Lakini jimbo likapitisha sheria ya kuwakataza madaktari kuwapa vijana wa chini ya miaka kumi na minane, kama bintiye Joni, dawa za kubadili jinsia. Joni, miaka kumi na sita, alizaliwa akaandikwa mvulana, na tangu utotoni akasema walikosea, yeye ni msichana. Kliniki yake ikaacha kumtibu. Tangu hapo, kila baada ya miezi mitatu, baba na binti walikwenda mji wa Albuquerque, jimbo jirani lisilo na sheria hiyo, saa tano kwa gari.

Majirani walipouliza, Harlan akaropoka, "Tunaenda kuvua!"

"Si ungesema tunaenda kwa shangazi?" Joni alimwuliza garini.

"Huna shangazi."

"Na wewe huna ndoano!"

Ikabidi kila safari wapitie dukani kununua samaki wa kuwagawia majirani. Sifa zikaenea, hata kanisani wakamwomba awafundishe wanaume uvuvi. Akasingizia mgongo.

Safari ya tatu alichoka, akabeba pakiti bila kutazama. Jirani yake Orville Tackett, mzee aliyevua miaka arobaini, alipogawiwa akaifungua.

"Harlan, hii ni samoni, samaki wa baharini. Na umemvua keshachunwa ngozi?"

"Maji ya kule makali."

Orville alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema polepole, "Kila miezi mitatu, na Joni kila mara. Ni dawa za mtoto, sivyo?"

 Harlan alishasikia habari za wazazi walioshtakiwa na majirani kwa dawa hizo.

"Waliopitisha sheria hiyo niliwapigia kura mimi," Orville alisema. "Nilidhani ni watoto wa watu wengine."

"Sasa utafanyaje?"

"Nitakuja na ndoano. La sivyo utaniaibisha mtaa mzima."

Safari iliyofuata Orville alikaa kiti cha nyuma, akilalamikia muziki wa Joni njia nzima. Baada ya daktari wakasimama mtoni. Joni akanasa samaki wawili; Harlan akatapikia buti zake mwenyewe.

Waliendelea hivyo mpaka Joni alipotimiza kumi na minane, sheria ikaacha kumhusu. Daktari wa mjini mwao, aliyekuwa akitikisa kichwa tu kukataa, sasa akamwandikia dawa kwa dakika kumi.

"Jana ningefungiwa kazi," alisema kwa haya.

"Kwani jana alikuwa nani?" Harlan akauliza. Daktari akamkabidhi karatasi ya dawa. Wakarudi nyumbani, Harlan akalala mpaka mchana wa kesho yake.